Aliyeitika Abee

Mti uliokatwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini iliyopita hautoi utomvu. Kulijua hilo hakuhitaji shahada ya usanifu majengo. Hata fundi wa vitanda wa mtaani analijua. Kwa hiyo Amne alipoweka kiganja kwenye nguzo ya lile banda na kukiondoa kikinata, kikinukia mti uliopasuliwa asubuhi ile ile, alikifuta kwenye suruali yake ya kazi, akajiambia ni grisi ya watu, akaendelea kupima. Mwenye msiba hana nafasi ya kushangaa vitu vidogo.

Banda lenyewe lilikuwa nyuma ya Minto, kitongoji cha Sydney, pale maghala ya viwanda yanapokoma na nyumba mpya hazijafika. Wakulima wa zamani walilijenga kwa miti migumu yenye gome jeusi. Mbao zake zilipasuliwa kwa kabari, hazikuona msumeno, kisha zikasimamishwa bega kwa bega zikawa ukuta. Katika mifupa yake hapakuwa na msumari hata mmoja. Kila boriti ilichongwa kwa tezo, mwishoni ikatolewa ulimi, ulimi ukaingizwa kwenye tundu la nguzo, kikapigiliwa kigingi cha mti, basi. Na kwa kuwa kila ulimi ulichongewa tundu lake peke yake, maseremala walikwaruza alama upande huu na upande wa pili ili wasije wakachanganya siku ya kulisimamisha. Sasa banda lilikuwa linataka kufunguliwa, libebwe, likasimamishwe kwingine kupisha nyumba, na Amne ndiye aliyetumwa kulichora kiungo kwa kiungo kabla halijaguswa.

Aliipenda kazi hiyo. Tangu azike mwanawe hakuwa amependa kitu.

Lina alizaliwa hapa hapa Sydney. Kiswahili alikisikia chote, hata kile ambacho wazazi wake hawakutaka akisikie, lakini kujibu alijibu kwa Kiingereza. Ukimwita, "Lina!", atakujibu, "What, Mum?" kwa sauti ya kuburuta, ya mtu aliyekatizwa usingizi. Amne ni mtoto wa Tanga. Kwao mtoto wa kike akiitwa huitika "abee", wa kiume "naam", na anayejibu "nini" hulala na shavu la moto. Basi nyumba yao ya Seven Hills ilikuwa na vita vidogo vya kila siku.

"Siyo what. Sema abee."

"A bee?" Lina anacheka, anafunga macho, anazunguka jikoni akivuma kama nyuki mpaka mama yake naye acheke kwa kutopenda.

Alikuwa na miaka kumi na miwili moyo wake ulipohitaji kufanyiwa upasuaji. Asubuhi ile, wauguzi wakisukuma kitanda kuelekea mlango wa chumba cha upasuaji, Amne alimwita. Hakuwa na la kumwambia. Alitaka tu ageuke, amwone uso. "Lina!" Lina akageuza shingo. "What, Mum?" Na ulimi wa Amne, kwa mazoea tu, Mungu amsamehe, ukasema: "Siyo what. Abee." Mlango ukafunga. Mtoto hakutoka tena akiwa hai, na maneno ya mwisho ya mama kwa mwanawe yakabaki kuwa ni kumsahihisha.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na huu nani angeutaja? Khamis, mumewe, hakuutaja. Waliendelea kuitana Mama Lina na Baba Lina, kwa sababu hawakujua pa kuanzia majina mengine.

Siku iliyofuata ile ya utomvu, Amne alipanda ngazi kupima pembe ya juu, chini kidogo ya mtambaapanya, ile boriti inayokatiza kutoka ukuta hadi ukuta. Utepe wake wa kupimia ukakwama nyuma ya ubao. Alipoingiza vidole kuunasua akatoka na kiatu. Kilikuwa kiatu cha mtoto, cha ngozi, kimekauka na kujikunja, soli yake imelika upande mmoja.

Bridget, mama wa makamo aliyesimamia eneo lile, alikitazama bila kukigusa. Alieleza kwamba wajenzi wa zamani walikuwa wakificha kiatu kilichovaliwa ndani ya ukuta, hasa cha mtoto. Kile kitu kikija usiku kinasikia harufu ya mtoto, kinaingia kiatuni kumtafuta, na kikishaingia hakijui kurudi nyuma.

"Kitu gani?" Amne aliuliza.

Bridget akapandisha mabega. "Chochote walichokiogopa, love. Ukimaliza kukichora, kirudishe, eh?" Akaenda zake kufunga geti la mbali.

Ilikuwa majira ya baridi, siku fupi, jua limeshaanguka nyuma ya maghala. Amne alibaki na kiatu kiganjani. Kilikuwa saizi ya Lina wa mwaka wa kwanza wa shule, yule aliyekuwa akivaa viatu kushoto kulia na kukataa kurekebishwa. Bibi yake kule Tanga alimfundisha zamani kwamba magharibi haitwi mtu jina mahali patupu. Unaweza kuitikiwa na usiyemwita. Lakini bibi alikuwa mbali, na kiatu kilikuwa mkononi.

"Lina," akasema.

Juu, gizani, kwenye mtambaapanya, sauti ndogo ikaitika:

"Abee, mama."

Msomaji atasema, mimi ningekimbia. Huenda. Amne alikaa chini juu ya vumbi akalia mpaka kilemba kikalowa, kwa sababu lile lilikuwa neno alilolisubiri miaka yote, limekuja laini, limenyooka, limetamkwa kama linavyotamkwa uani kwao.

Kiatu hakukirudisha. Alikitia mkobani, na tangu hapo kila siku alitafuta sababu ya kubaki bandani hadi magharibi. Leo anahakiki alama za maseremala, kesho anapima tena paa alilokwisha kulipima. Wenzake wakiondoka anaita, na anaitikiwa. "Abee, mama. Shikamoo, mama. Nipo huku juu." Halafu nyayo ndogo zinapita kwenye ile boriti nyembamba, ambayo jina lake lenyewe linakuambia ni njia ya panya. Zinakwenda mpaka mwisho, zinageuka, zinarudi. Harufu ya mti mbichi inajaa banda zima hadi kooni. Amne anasimulia, sauti inaitika. Amne anauliza kama ana baridi, sauti inasema, "Hapana, mama," kwa adabu ambayo Lina hakuwa nayo hata siku ya Idi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Amne alipungua mwili, kanzu zikawa zinamning'inia. Hilo Khamis aliliona, akanyamaza, akidhani ni huzuni inafanya kazi yake. Alichoshindwa kukinyamazia ni jioni aliyorudi kutoka zamu ya kuendesha winchi ya ghalani akamkuta mkewe amesimama jikoni, anatabasamu peke yake, viganja vinang'aa utomvu.

"Mama Lina, una nini?"

Amne akamshika mkono. Alinong'ona kana kwamba kuna mtu amelala chumba cha pili. "Baba Lina, nimempata. Anaitika. Nikimwita anasema abee."

Khamis alikuwa mtu mpole, mwenye kuchelewa kujibu. Alivuta kiti, akakaa. "Anasema nini?"

"Abee. Anasema vizuri, ungemsikia! Na shikamoo anatoa."

"Lina," Khamis akasema polepole, "hajapata kusema abee hata siku moja."

"Amejifunza."

Khamis akatoa simu mfukoni. Ndani yake kulikuwa na kitu ambacho hakuwa amemwonyesha mkewe, kwa kuogopa kumtonesha: ujumbe wa sauti ambao Lina alimwachia jioni moja treni ilipokwama. Alikuwa akiusikiliza garini kabla ya kuingia kazini. Akaubonyeza, akaweka simu mezani.

"Dad, it's me. Train's stuck at Granville. Can you come get me? And tell Mum I'm not cold, so she doesn't start. Okay, bye. Bye."

Mama aambiwe hana baridi, asije akaanza kelele zake, kisha kwaheri mara mbili. Khamis alifumba macho kama kawaida yake. Alipoyafumbua, Amne alikuwa akiitazama simu kwa upole, kama unavyomtazama mtoto wa jirani.

"Nani huyo?" akauliza.

Khamis akaurudisha ujumbe mwanzo. Alimchezea tena. Amne alitega sikio kwa bidii, akatikisa kichwa, kisha hofu ikaanza kumpanda usoni kidogo kidogo, maana si mjinga, na aliona machozi ya mumewe yanavyoshuka. Alijaribu kuikumbuka ile "What, Mum?" ya kuburuta. Alitafuta vile Lina alivyovuma kama nyuki jikoni hapa. Kila alipogusa alikuta "abee", laini, imenyooka. Kumbe kila alipoitikiwa kule bandani alikuwa akitoa sauti moja ya mwanawe na kupewa ile nyingine.

"Baba Lina," akasema, "kinanila mtoto. Kinanila mtoto kichwani."

Granville kuna kinyozi wa Mombasa anaitwa Aqil. Ukikaa kitini kwake unatoka na nywele fupi na habari ndefu. Lakini baba yake alikuwa mtu wa visomo, naye alirithi kidogo, na Waswahili wachache wa Sydney wanajua hivyo bila kutangaza. Aliwasikiliza chumba cha nyuma, amezima mashine.

"Ewe dadangu," alisema mwishowe, "hawa majini hawana lugha. Hula lugha ya yule anayewaita. Huyo hakijui Kiswahili, amekitwaa kwako. Mimi nikisoma peke yangu nitamtisha tu, hatatoka. Wewe ndiwe uliyemwita, wewe ndiwe wa kumkana. Umwambie kinywani mwako kwamba si wako, na hicho kiatu ukirejeshe ulikokitoa."

"Nitamkanaje?" Amne alisema. "Wa kweli simkumbuki. Huyo ndiye ninayemjua mimi."

Khamis akagusa mfuko wa shati. "Tutakwenda nayo hii. Utamsikia wa kweli hapo hapo."

Aqil aliitazama simu muda mrefu. "Kitu cha marehemu mimi singekipeleka mahali pale," akasema. Alisubiri waulize kwa nini. Hawakuuliza, na yeye hakuwa na njia nyingine ya kuwapa.

Bridget aliwafungulia geti alasiri ya mwisho kabla ya mafundi kuanza kulifungua banda. Aliona chetezo mkononi mwa Aqil, akaona uso wa Amne, akasema atakuwa garini.

Aqil alifukiza ubani pembe zote nne, lakini harufu yake haikupanda, utomvu uliimeza. Ulikuwa sasa unachuruzika kwenye nguzo wazi wazi, unametameta. Jua likazama. Aqil akaanza kusoma kwa sauti ya chini, akamwashiria Amne.

"Lina," Amne akaita.

"Abee, mama."

Khamis alikuwa hajaisikia kabla. Alijishika ukutani. Ilikuwa sauti nzuri, na ubaya wake ulikuwa huo uzuri.

"Mama, umekuja na nani? Baba, shikamoo," ikasema, na nyayo zikaanza kutembea juu yao, taratibu kwanza, kisha upesi, kisha hazikuwa za miguu miwili bali za mingi, zikikimbia kwenye mtambaapanya na kushuka kwenye nguzo na kupanda tena, na kila kiungo cha banda kikaanza kulia, vigingi vikijisokota kwenye matundu yake, ndimi za boriti zikitoka kidogo na kurudi, kutoka na kurudi, kana kwamba jengo zima linajaribu kusema neno lisilolijua, na vumbi likaporomoka machoni mwa Aqil ambaye hakuacha kusoma, na katikati ya mshindo ule sauti ikaendelea kuita kwa adabu ile ile, mama, mama, abee, mama, mpaka Amne akapiga kelele, "Baba Lina, mwashe! Mwashe nimsikie!"

Khamis akabonyeza.

"Dad, it's me."

Kila kitu kikatulia. Sauti ya Lina, ya pua kidogo, yenye haraka na jeuri ya mtoto anayejua atafuatwa, ilienea bandani. Can you come get me? Tell Mum I'm not cold. Nayo ilipofika hapo, kitu kikafunguka kifuani mwa Amne. Alimwona Lina mzima mzima, bila sweta kwenye baridi, anakunja pua, anasema "What, Mum?" na macho yake yanazunguka. Alimkumbuka, na kumkumbuka kukamwuma upya kama siku ya kwanza.

Akainua kichwa.

"Mwanangu hakusema abee," akasema. "Nilimfundisha akakataa, na mpaka mlango unafungwa alikataa, na huyo ndiye wangu. Ulimi huu si wa tundu hili. Wewe si mwanangu. Sikujui."

Halafu sauti ikalia, kilio cha mtoto anayejizuia. "Lakini mama," ikasema, "nimejifunza. Nimejifunza kwa ajili yako."

Aqil akamshika bega Amne asiinuke. Hakuna neno ambalo lingeweza kumkata zaidi ya hilo, na kile kitu kililijua. Khamis alilia wazi, kwa sauti. Amne alipanda ngazi, akakisukuma kiatu nyuma ya ubao mpaka mkono ukafika kiwiko, na kwa muda mfupi akahisi kule ndani vidole vidogo vya baridi vinavishika vyake. Hakuvivuta wala hakuvibana. Aliviachia tu, kimoja kimoja, mpaka vyote vikatoka.

Aliposhuka, nguzo zilikuwa kavu. Ziliparara kama mti wa kale unavyopaswa kuparara. Harufu ya ubani ikapanda.

Banda lilifunguliwa, likabebwa, likasimamishwa kwingine, kila ulimi katika tundu lake. Amne aliomba ule ubao wa pembeni na mtambaapanya wake visitenganishwe, na kiatu kisiguswe. Mwili wake ukarudi. Jioni, baada ya swala ya magharibi, yeye na Khamis wakawa wanakaa jikoni na kusikiliza ujumbe ule. Mara moja tu kila siku, kama dawa. Walikuwa wakilia, na wakifika kwenye zile "bye" mbili wanacheka, kwa sababu Lina hakuwahi kuaga mara moja. Amne alianza kumsimulia mumewe habari za Lina, na Khamis naye akasimulia, na mara nyingine chai ilipoa hawajainywa. Naapa walikuwa wamekaribia kupona.

Kisha ikaja jioni moja. Khamis alibonyeza kama kawaida. Train's stuck. Tell Mum I'm not cold. Amne akatayarisha kicheko chake.

"Okay, bye," simu ikasema. Halafu, kwa sauti ile ile ya pua, ya kuburuta, ya Lina mwenyewe: "Abee."

Hawakutazamana. Khamis akarudia, wakasikia vile vile. "Bye" ya pili haikuwepo, na jikoni palianza kunukia mti uliopasuliwa sasa hivi. Walikuwa wamekwenda kulionyesha lile jini jinsi mtoto wao anavyosema, nalo lilitega sikio, likahamia humo.

Khamis alimpigia Aqil. Mashine ya kunyolea ikasikika ikizimwa nyuma ya Aqil. "La kuvunda halina ubani, ndugu yangu," akasema. "Ufute. Ufute leo, usiusikize tena. Kila mkiusikiza atatwaa neno."

Jioni ya pili hawakuusikiliza. Ya tatu Amne alisema labda ilikuwa ni mtandao, wakausikiliza, na "okay" ilikuwa imekwenda. Sasa Khamis alikuwa ameweka kidole juu ya alama ya kufuta. Katika dunia nzima sauti ya Lina ilikuwa imebaki hapo tu, na kila siku ilipungua.

"Nifute, Mama Lina?"

Amne aliufunika mkono wake kwa wa kwake. Nje magharibi ilikuwa inaingia, treni ya Seven Hills inapita. Alijua vizuri anachokisema.

"Bado yupo kidogo," akasema. "Mwache amalize kusema hana baridi."

Na Khamis, ambaye naye hakuwa na ubavu wa kumzika mtoto mmoja mara mbili, akasogeza kidole hadi alama ya kusikiliza, akabonyeza.